Uwanja Unaokumbuka Ngumi na Kusahau Magita

Mtajie mtu wa makamo Kinshasa ya mwaka 1974, awe Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, naye atakurudishia majina mawili: Muhammad Ali na George Foreman. Atakusimulia jinsi Ali alivyojiegemeza kwenye kamba akakubali kupigwa, jinsi Foreman alivyoishiwa pumzi, na jinsi raundi ya nane ilivyomaliza ubishi alfajiri ya Oktoba 30. Habari hiyo imesimuliwa hadi imekuwa mali ya kila kijiwe. Lakini wiki tano kabla ya ngumi zile, katika uwanja uleule, kulipigwa muziki kwa siku tatu, kuanzia Septemba 22 hadi 24. Franco na TPOK Jazz walipiga. Tabu Ley Rochereau na Afrisa walipiga. Miriam Makeba aliimba, na Celia Cruz, na B.B. King, na Bill Withers, na James Brown. Ukiuliza kijiweni kuhusu siku hizo tatu, wengi watakutazama tu.

Nimekwenda kuuona uwanja huo, na nimetoka pale na uchungu ambao sioni sababu ya kuuficha.

Uko katika wilaya ya Kalamu, jirani na Matonge, mtaa ambao mpenzi yeyote wa rumba anaujua kwa jina hata kama hajawahi kuvuka Ziwa Tanganyika. Pale Rond-Point Victoire, wakazi wa Kinshasa wamemsimamishia Franco sanamu, na nilipoiona nilifurahi kama aliyekutana na mtu wa nyumbani. Ukiendelea mbele unaufikia uwanja. Leo unaitwa Tata Raphaël. Ulikarabatiwa kwa ajili ya Michezo ya nchi zinazozungumza Kifaransa ya mwaka 2023, na kumbi mpya za michezo ya ndani zikajengwa kwenye eneo lake. Vijana wanafanya mazoezi na wachuuzi wana biashara zao kuzunguka ukuta. Ni mahali penye uhai, wala sikukuta gofu.

Ulizia ngumi, utahudumiwa mara moja. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule watakuonyesha ulingo ulipokaa na watakuigizia Ali. Nilipoulizia jukwaa la muziki, kila mtu alinyoosha mkono upande wake. Sikuona mahali popote majina ya wale walioimba. Kwa nchi ambayo rumba yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu Desemba 2021, pamoja na ile ya jirani zao wa Brazzaville, hilo ni pengo kubwa.

Uwanja wenyewe una historia nzito kuliko hata ngumi. Wabelgiji waliufungua mwaka 1952 wakaupa jina la mfalme wao, Baudouin. Januari 4, 1959, mkutano wa chama cha Abako uliokuwa ufanyike karibu na hapo ulizuiwa, na umati uliokuja kumsikiliza Joseph Kasa-Vubu ukawaka hasira. Saa hizohizo mashabiki wa mpira walikuwa wakitoka uwanjani, wakajiunga nao. Wakoloni walijibu kwa risasi na watu wengi walikufa. Siku tisa baadaye Mfalme Baudouin, yuleyule ambaye jina lake lilikuwa langoni, alitangaza redioni kwamba Ubelgiji ingeipeleka Kongo kwenye uhuru. Januari 4 hadi leo ni siku ya mashahidi wa uhuru nchini humo. Mobutu alipotwaa nchi, uwanja ukaitwa Mei 20, tarehe ya kuzaliwa chama chake cha MPR mwaka 1967. Baada yake ukapewa jina la Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Kibelgiji aliyeshughulikia shule na michezo ya vijana wa mji huo. Mfalme, chama, padri. Wanamuziki hawajawahi kupata zamu.

Tamasha lilizaliwa kutokana na watu wawili marafiki. Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni tangu 1960, na mtayarishaji wa muziki Mmarekani Stewart Levine, walitaka kuwaleta wanamuziki Weusi wa Marekani Afrika, wapande jukwaa moja na wenzao wa huku. Promota wa ngumi Don King alikuwa amekwisha kuwapata Ali na Foreman, kila mmoja kwa dola milioni 5, na Mobutu alikuwa ameukubali mzigo huo ili Zaire yake, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ijulikane duniani. Ikaonekana muziki na ngumi viende pamoja, muziki utangulie na pambano lifuate katika juma hilohilo. Fedha za tamasha zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia. Siku chache kabla ya tarehe, Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likaahirishwa hadi mwisho wa Oktoba. Wanamuziki, vyombo na wapiga picha walikuwa njiani au walikuwa wamekwisha kufika, na waandaaji wakaamua muziki uendelee bila kungoja ngumi.

Uamuzi ule ndio ulioniuma nilipokuwa nimekaa jukwaani juani, nikitazama majani ya uwanja. Tamasha liliachwa lisimame lenyewe, bila Ali, bila ulingo, na likasimama. Haikuwa burudani ya kungojea masumbwi. Sisi ndio tulioligeuza kuwa utangulizi wa kitu kingine.

Nataka nikae kidogo kwa Celia Cruz, kwa sababu hapo ndipo ninapoona maana kamili ya siku zile. Alikuja na Fania All-Stars, kundi la salsa la New York lililoongozwa na Johnny Pacheco, wakiwamo Ray Barretto kwenye tumba na Héctor Lavoe kwenye sauti. Filamu ya Soul Power, nitakayoirudia hapa chini, inawaonyesha wakipiga muziki ndani ya ndege, wakiwa bado angani. Walipofika Kinshasa walikuta watu wanaoujua muziki wao kama wanavyoujua ubeti wa kwao. Wangekosaje kuujua? Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika santuri za Kikuba zilizobandikwa herufi G.V., na zilizagaa Leopoldville, kama Kinshasa ilivyoitwa wakati huo. Vijana wa mji walizisikiliza, wakaimba maneno ya Kihispania wasiyoyaelewa, kisha wakaweka Kilingala mahali pake. Wafanyabiashara wa Kigiriki wakafungua studio: Ngoma mwaka 1948, Loningisa miaka miwili baadaye. Humo Loningisa alipita Franco akiwa kijana mdogo, na mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz. Joseph Kabasele na African Jazz walipotaka kuimba habari ya uhuru mwaka 1960, waliiimba kwa mtindo wa chacha.

Lakini Cuba nayo iliupata wapi muziki huo? Kwa sehemu kubwa, kutoka hukuhuku. Watu waliotolewa pwani ya Kongo kwa minyororo walifika kwenye mashamba ya miwa ya Cuba na ngoma zao vichwani, kwa kuwa mikononi hawakuachiwa kitu. Karne zilipita, ngoma zile zikachanganyika na gita la Kihispania, zikarekodiwa, zikapakiwa melini, zikarudi kwenye mto ambako zilianzia. Kisha mwaka 1974, mwanamke Mweusi kutoka Havana, aliyekuwa amekimbia nchi yake na asiweze kurudi, akasimama Kinshasa na kuimba mbele ya wajukuu wa wale waliobaki. Hakuna kitabu cha historia kinachoweza kueleza biashara ya utumwa na ushindi dhidi yake kwa namna ile. Na pale aliposimama hapana hata kibao.

Wakongo wenyewe siku zile hawakuwa wasindikizaji. Franco alikuwa katika kilele chake, na gita lake lilikuwa na ile tabia ya kuzungusha sebene moja hadi miguu ya msikilizaji inakata shauri yenyewe. Tabu Ley alikuwa amepiga katika ukumbi wa Olympia mjini Paris mwaka 1970, jambo ambalo hakuna mwanamuziki Mweusi wa Afrika aliyelifanya kabla yake akiwa ndiye mhusika mkuu wa jioni. Stukas ya Lita Bembo ilileta vurugu tamu za vijana. Na alikuwapo Abeti Masikini.

Kwa Abeti, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama na kudai chake. Alizaliwa mwaka 1954 Kisangani, mji ambao Kiswahili kiliingia na misafara ya kutoka pwani yetu na hakikutoka tena, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha alizoimbia. Mbunifu wa mavazi Pierre Cardin alimtambulisha Paris, naye akapanda Olympia mwaka 1973. Alipopanda jukwaa la Kinshasa alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Binti wa umri huo alisimama kwenye jukwaa ambalo lilikuwa pia la Makeba na la James Brown. Alifariki Ufaransa mwaka 1994, kabla hajafikisha 40. Niambie ni wasichana wangapi wa Kigoma, Bukavu au Mombasa, wanaotamani kuimba, waliowahi kusimuliwa habari zake.

Kwa nini hawakusimuliwa? Jibu halina fumbo. Mkurugenzi wa filamu Leon Gast alikwenda Kinshasa kupiga picha za tamasha, na kazi yake ya kwanza ilikuwa muziki. Kisha ukaja ugomvi wa fedha na wa haki za umiliki, na picha zikafungiwa kwa miaka. Filamu ilipotoka mwaka 1996 kwa jina la When We Were Kings, ilikuwa filamu ya Ali, na muziki ulikuwa umesogezwa pembeni. Ilitwaa tuzo ya Oscar, na ilistahili, kwa kuwa ni kazi nzuri sana. Ila ndiyo iliyoukata mwaka 1974 kwa kisu na kutuachia upande mmoja. Ilibidi tungoje hadi 2008 ndipo Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa ile ya kwanza, akatoa Soul Power kutokana na picha zilizobaki. Humo tamasha lilipata heshima yake, lakini nyota wanaong'aa zaidi ni wa Marekani. Wenyeji, waliocheza nyumbani kwao, mbele ya watu wao, walipata vipande vifupi.

Sauti zao zenyewe zilitoka rasmi mwaka 2017, katika santuri mbili zilizokusanya Waafrika peke yao: Franco, Tabu Ley, Abeti, Stukas na Makeba. Ilikuwa imepita miaka 43. Franco alikwisha kufa tangu 1989, Makeba tangu 2008, Tabu Ley tangu 2013. Masekela aliiona ikitoka, akafariki miezi michache baadaye, Januari 2018. Hata hivyo, ni wachache Afrika Mashariki walioisikia. Nakusihi uitafute. Sauti ya Makeba mle ina nguvu ya mtu anayejua kwamba nchi yake imemfungia mlango na ameamua kuimbia bara zima.

Kuna watakaonipinga, na hoja yao ina uzito. Watasema: unataka kumjengea Mobutu kumbukumbu. Tamasha lile lilikuwa pambo la dikteta. Ndiyo, lilikuwa hivyo. Mwandishi Norman Mailer alisimulia katika ile filamu ya Gast kwamba kabla wageni hawajafika, wahalifu walikamatwa na kufungiwa katika vyumba vya chini ya uwanja huu, na baadhi yao wakauawa ili mji uwe salama machoni pa wageni. Nilipokuwa nikitembea chini ya majukwaa nilikumbuka maneno hayo na nikapunguza hatua. Mobutu alitumia mamilioni kwa sifa zake huku wananchi wakihangaikia chakula. Franco naye aliimba nyimbo za kumtukuza, ingawa serikali hiyohiyo ilimtia ndani baadaye kwa nyimbo nyingine.

Lakini fikiria hoja hiyo inatupeleka wapi. Ngumi ndizo zilizolipiwa na Mobutu, na hakuna anayesema tuache kumkumbuka Ali. Kwa nini basi doa la mtawala liwashike wanamuziki peke yao? Watu waliojaa uwanja ule hawakuja kumwona rais, ambaye alikuwa na picha zake kila ukuta wa nchi. Walikuja kucheza. Na ni uwanja uleule ambao miaka 15 kabla yake watu wa mji huo walitoka na kuutikisa ukoloni. Kumbukumbu ya kweli ingeandika yote matatu langoni: damu ya 1959, vyumba vya chini na majina ya walioimba. Ukinyamazia moja, umeidhulumu historia yote.

Sisi wa upande huu wa ziwa hatuna ruhusa ya kuinyooshea Kinshasa kidole. Muziki ule ni wetu kwa kiasi ambacho huwa tunasahau. Miaka hiyohiyo ya 1970 bendi za Kizaire zilikuwa zikishuka kwetu moja baada ya nyingine. Baba Gaston alipita Dar es Salaam kisha akahamia Nairobi. Super Mazembe iliweka makao Nairobi. Orchestra Maquis ilitoka Shaba, yaani Katanga, ikawa bendi ya Dar es Salaam kiasi kwamba watoto waliokua wakiisikiliza hawakujua ilitoka wapi. Remmy Ongala, aliyetokea upande wa Kindu, alifika mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Makassy, akatufia hapa akiwa mmoja wa sauti kubwa za Tanzania. Walitukuta na NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi ambazo nazo zilikuwa zimekwisha kuisikiliza Kinshasa redioni na kuijibu kwa Kiswahili.

Na je, tumezitunza sauti hizo? Kwa miaka mingi Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilipanga foleni katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi, na kanda zikabaki redioni. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa kizazi kizima iko kwenye utepe wa sumaku, kitu ambacho joto na unyevu wa pwani hukila kidogo kidogo kila mwaka. Sauti za Kinshasa zilifungiwa na mawakili na wenye fedha, na bado zilifunguliwa mwishowe kwa sababu kuna aliyezihifadhi mahali pakavu. Utepe ulioliwa na ukungu haufunguliwi na mahakama yoyote.

Kwa hiyo nina maombi, na ninayatoa kwa majina ya wahusika.

Kwa wakuu wa jiji la Kinshasa na wizara ya utamaduni ya Kongo: andikeni majina. Ukuta upo, lango lipo, na rangi si ghali. Anzeni na wenyeji, yaani Franco, Tabu Ley, Abeti, Lita Bembo, kisha Makeba na Masekela, kisha wageni waliovuka bahari. Mmeweza kumsimamishia Franco sanamu hapo Victoire, basi wapeni na wenzake mstari mmoja mahali walipoimba.

Kwa wenye haki za picha za 1974: saa nyingi zilizopigwa na wapiga picha wa Gast zinahusu watu ambao familia zao ziko Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Zipelekeni huko, zionyeshwe bure katika uwanja uleule usiku mmoja wa Septemba.

Kwa Shirika la Utangazaji Tanzania na kwa wenzao wa Nairobi: kanda za bendi zetu zihamishiwe kwenye mifumo ya kisasa zote, si zile maarufu tu zinazorudiwa kila Jumapili, na orodha yake iwekwe wazi ili wajukuu wa wanamuziki wajue babu zao walirekodi nini na lini.

Na kwako wewe unayesoma, ambaye baba au mama yako ameacha sanduku la santuri chini ya kitanda: usiliuze kwa mpita njia na usilitupe. Ziepushe na jua, ziweke wima pakavu, andika juu ya kila moja ilinunuliwa wapi na nani aliyeicheza nyumbani. Kama mzee mwenyewe yu hai, mkalishe, mwashie simu irekodi, umwulize alikuwa wapi mwaka 1974 na alikuwa akicheza wimbo gani. Fanya hivyo mwezi huu.